Bandari za Zamani za Ziwa Letu: Mitumbwi, Madau na Njia za Maji Upande wa Fizi na Baraka

Tukisikia neno « bandari », mawazo ya wengi wetu yanakimbia mbali: Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar, au kwa sisi Wakongomani, Matadi. Tunafikiri bandari ni lazima iwe na ukuta wa mawe na meli kubwa ya chuma. Tukitazama mwalo wetu wa Baraka asubuhi, wamama wakipokea ndagala, boti za mbao zikishusha mifuko ya unga, tunasema: « Aa, hapa ni mwalo tu. » Na watoto wetu wakijifunza historia, wanasikia kwamba safari za ziwa Tanganyika zilianza na Burton na Speke mwaka 1858, kama vile mbele ya hapo maji yalikuwa yamelala usingizi.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba upande wetu wa ziwa ulikuwa na bandari na wanamaji wake mbele ya wageni kufika, na kwamba alama zao si lazima ziwe pale tunapoegesha boti leo. Nyingine zinaweza kuwa juu, mbali na maji, pahali ziwa liliporudi nyuma. Nyingine zinaweza kuwa chini ya maji, pahali ziwa lilipofunika nchi kavu. Tena tunataka kueleza kwa nini kazi ya kuzitunza haingoji kesho.

Bandari za pwani zinatufundisha nini?

Tuanze kwa jirani. Pwani ya Bahari ya Hindi ina sifa kubwa katika mambo ya bandari za kale. Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, ilitajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kaskazini, katika visiwa vya Lamu, kuna Manda na Shanga. Huko Shanga mtaalamu Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980. Juu alikuta magofu ya nyumba na msikiti wa mawe. Alipoendelea kushuka, tabaka moja baada ya lingine, mawe yaliisha, zikabaki alama za nguzo za miti na udongo, na za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8.

Maana yake ni nini kwetu? Maana yake ni kwamba hata bandari zenye sifa zilianza kwa miti na udongo, sawa vile nyumba zetu. Mawe yalikuja nyuma. Kwa hiyo mtu asituambie: « Fizi hakuna magofu, basi hakukuwa na bandari. » Hiyo si hoja.

Hata vyombo vya pwani havikudumu vyote. Mtepe, ile jahazi ya zamani ya Waswahili, haikuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilisukwa kwa ukili. Tunaijua zaidi kwa maelezo ya watu walioiona na kwa mifano iliyochongwa. Meli iliyochimbuliwa vizuri chini ya maji ni ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus ya Mombasa. Wazamiaji walifanya kazi hapo kuanzia 1977 hadi 1980, wakatoa vyungu, vyombo vya meza na sehemu za meli yenyewe.

Kwa hiyo mtu anayechunguza bandari za zamani anatafuta mambo matatu: chombo, mzigo na pahali pa kushukia. Kama chombo kimeoza, mzigo unaweza kusema. Kama mzigo umeliwa, pahali pa kushukia panaweza kusema. Sasa tupime ziwa letu kwa hayo matatu.

Mzigo: chumvi na simbi

Ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Ujiji, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Katika miaka ya 1960 wataalamu Sutton na Roberts walichimba hapo, wakakuta vigae vya vyungu na majivu ya watu waliochemsha maji ya chumvi. Vipimo vilionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa imeanza karne ya 5 au ya 6. Tufikiri kidogo: ni zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili mbele ya Burton kuzaliwa! Na Burton mwenyewe, alipopita hapo mwaka 1858, alikuta chumvi ya Uvinza inasifiwa na kupelekwa mbali pande zote.

Chumvi ni mzigo wa ajabu. Kila mtu anaitaka, na si kila nchi inayo. Pahali penye chumvi upande mmoja wa maji, na watu wenye samaki, chuma, mbao na nguo za magome ya miti upande mwingine, mitumbwi haiwezi kukaa bure. Lakini chumvi inayeyuka. Haiachi gofu. Ndiyo maana biashara ya namna hiyo ni rahisi kusahauliwa.

Mzigo wa pili haukuyeyuka. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, Katanga, wachimbaji walifungua makaburi ya kale kuanzia mwaka 1957, na kazi iliendelezwa miaka ya 1970 na Pierre de Maret. Katika makaburi ya karne ya 10 mpaka ya 13 walikuta shaba nyingi, vyungu vizuri, na pia simbi chache, yaani kauri. Kauri ni mnyama wa bahari. Haishi katika ziwa Tanganyika, wala Kisale, wala katika mto wowote wa Kongo. Kwa hiyo simbi hizo zilitoka Bahari ya Hindi, zikapita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka zikalala na wafu wa Upemba. Hatusemi kwamba zote zilivuka ziwa letu, ju njia zilikuwa nyingi na nyingine zilipita kusini. Lakini zinatuhakikishia kwamba mambo ya bahari yalikuwa yanafika katikati ya bara mamia ya miaka mbele ya misafara ya Waarabu na Wangwana.

Na hapa kwetu? Tutazame kofia za wazee wa Bwami, kwa Babembe sawa na kwa ndugu zetu Balega. Zilishonwa simbi. Heshima ya mzee wa milimani ilipambwa kwa kitu cha baharini. Watu wengi tumeona kofia hizo, au picha zake, bila kujiuliza ile simbi ilifikaje. Haikupanda mlima peke yake. Kuna mtu aliyeibeba, na mahali pengi mtu huyo alipita kwa mtumbwi.

Chombo: mti unaogeuka mtumbwi

Upande wetu wa magharibi ulikuwa na kitu ambacho upande wa Ujiji ulikihitaji sana: miti mikubwa. Milima inashuka karibu na maji, na misitu yake ilikuwa na mvule mkubwa, mti mgumu usiooza haraka. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba mitumbwi mikubwa iliyoonekana Ujiji ilitokana na miti ya pwani ya magharibi, hasa nchi ya Ugoma, upande wa kusini wa Ubembe. Basi tukisoma juu ya « mitumbwi ya Ujiji » tukumbuke kwamba gogo lake mara nyingi lilikuwa mtoto wa upande wetu.

Kazi ya kuchonga inajulikana mpaka leo kwa mafundi wachache. Mti unaangushwa kwa shoka, unapunguzwa tumbo kwa tezo na moto, unaachwa ukauke polepole ili usipasuke, kisha watu wengi wanauvuta mpaka majini juu ya magogo ya kuviringisha. Si kazi ya mtu mmoja. Inataka fundi, inataka chakula cha wavutaji, na inataka mkubwa wa kijiji anayeweza kuwaita watu. Kwa hiyo mtumbwi mkubwa ulikuwa ushahidi wa mji wenye mpango.

Ukubwa wake haukuwa mchezo. Mtumbwi alioukodi Burton mwaka 1858 ulikuwa na urefu wa futi kama 60, ni karibu mita 18, na upana wa futi 4, kama mita moja na robo. Wa Speke ulikuwa mdogo zaidi. Iliendeshwa kwa kafi, watu wakikaa wawili wawili. Wapiga kafi walifuata ukingo, walilala mialoni, na walivuka pale ziwa linapokuwa jembamba, hewa ikiwa imetulia. Wazungu waliandika kwamba hawa ni waoga na wavivu. Lakini sisi tunaolijua ziwa hatuoni uoga hapo. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki unaweza kuinua mawimbi kama ya bahari, na kina kinafika mita 1.470, hakuna ziwa linalolizidi kwa kina isipokuwa Baikal ya Urusi. Mtu anayengoja utulivu mbele ya kuvuka maji ya namna hiyo ni nahodha mwenye akili. Wahenga walisema: kila chombo kwa wimbile.

Pamoja na akili kulikuwa na ibada. Stanley aliandika yale aliyosimuliwa mwaka 1871 juu ya mlima wa Kabogo. Watu waliogopa pahali hapo, na wenye kupita walitupa ushanga majini ili wapite salama. Tusicheke. Kwa mchunguzi wa mambo ya kale, ushanga uliotupwa majini ni barua iliyotumwa mbele.

Pahali pa kushukia: Ubwari na Uvira mwaka 1858

Sasa tufike kwenye safari ambayo vitabu vinapenda kuisimulia, lakini tuitazame kutoka upande wetu. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Mwezi wa tatu Speke alivuka kwenda kisiwa cha Kasenge, pwani ya magharibi, kutafuta dau la mfanya biashara mmoja Mwarabu, Hamed bin Sulayyim. Hakulipata. Mwezi wa nne walipanda mitumbwi ya Kannena, mkubwa wa Ujiji, wakaelekea kaskazini. Walipita Wafanya, upande wa Burundi, kisha wakavuka mpaka Ubwari.

Ubwari ni ile nchi ndefu tunayoiona mbele ya macho tukisimama Baraka. Burton alifikiri ni kisiwa. Baadaye Stanley, aliyezunguka ziwa lote kwa mashua yake Lady Alice mwaka 1876, alionyesha kwamba ni rasi iliyoshikana na bara upande wa kusini. Ghuba iliyo katikati, ambayo Baraka imekaa kando yake, ikapewa jina la Burton kwenye ramani. Lakini watu wa ghuba, Babwari, Basanze, Babembe na wavuvi Bazoba, hawakungoja jina hilo ndipo waanze kuvua.

Angalieni Ubwari kazi yake. Ni ukuta unaokinga upepo wa ziwa kubwa. Anayetoka mashariki anaikuta kwanza, anapumzika, ananunua chakula, kisha anafuata ukingo kwenda Uvira. Nyuma yake kuna maji yaliyotulia. Mtu wa pwani angeiita bandari ya asili, na wala asingekosea. Ndiyo maana njia ya maji ilipita hapo.

Tarehe 26 Aprili 1858 walifika Uvira. Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa soko kubwa la kaskazini: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vitu vya chuma. Hiyo ni orodha ya bidhaa za bandari. Na ni huko watoto watatu wa mtemi Maruta walimwambia wazi kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Swali hilo liliwasumbua Wazungu mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda kuona kwa macho Novemba 1871. Miaka 13 ya ubishi, na jibu lilikuwa limeshatolewa mwaloni na vijana wenyeji!

Juu ya Babembe, Burton hakukaa kwao, lakini alirudia masengenyo aliyoyasikia, eti wanakula watu. Sisi tunajiuliza: nani alifaidika na habari hiyo? Mwenye mtumbwi wa Ujiji alikuwa na sababu ya kumzuia mgeni asishuke Ubembe na kununua pembe kwa bei ya huko. Masengenyo nayo yalikuwa mlinzi wa biashara. Basi tusiyapokee kama historia ya mababu.

Dau, tanga na kilio

Wafanya biashara wa pwani walileta tanga la pembe tatu na ufundi wa kuunga mbao. Tayari mwaka 1852 Waarabu watatu kutoka Zanzibar walikuwa wamefika Benguela, kwenye bahari ya magharibi, baada ya kupita bara lote na kuvuka ziwa. Polepole madau yaliongezeka Ujiji, na mafundi wa ziwa walijifunza. Maneno yalikuja pamoja na vyombo: dau, tanga, nahodha, bandari. Hata jina la Baraka ni neno la lugha hiyo iliyosafiri juu ya maji. Kiswahili tunachoandika hapa kilivuka ziwa kikiwa ndani ya madau.

Lakini hatuwezi kusifu madau na kufunga macho. Dau lililobeba pembe lilibeba pia watu. Kutoka Umanyema, kutoka milima yetu, kutoka ukingo wa Uvira, watu walifungwa na kuvushwa. Katika miaka ya 1880 mtu mwenye nguvu kaskazini ya ziwa alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, na jina hilo watu hawakumpa bure. Mapadri Wazungu wa Afrika, waliofika Ujiji mwaka 1879, walifungua kituo kwa Basanze mwaka 1880 na kingine Kibanga mwaka 1883, kando ya ghuba yetu. Huko walikomboa watumwa na kupokea wakimbizi. Rumaliza alishindwa na majeshi ya Leopold na kukimbia mwaka 1894.

Kuna jamaa ambazo mpaka leo hazipendi kuzungumza habari hizi, ju katika ukoo mmoja unaweza kukuta aliyeuzwa na aliyeuza, Mungwana na mkimbizi. Tunaelewa haya yao. Hata hivyo, mwalo ambapo watu walipakizwa kwa kamba ni pahali pa ukumbusho sawa na kaburi. Bagamoyo na Zanzibar wamehifadhi pahali pao. Kwetu wavuvi wanaanika ndagala juu yake bila kujua.

Ziwa linalopanda na kushuka

Hapa tunafika kwenye siri kubwa ya makala hii. Ziwa letu halikai pahali pamoja.

Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 aliona minazi mitatu ya ngazi, ile miti ya mawese, imesimama katika soko. Aliporudi mwaka 1876 aliikuta ndani ya maji, futi kama 100 kutoka ukingo! Ziwa lilikuwa linapanda. Sababu ilikuwa mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji, pale Kalemie ilipo leo. Cameron aliuona mwaka 1874 umezibwa na majani na tope. Kisha, karibu na mwaka 1878, maji yalivunja kizuizi hicho. Hore na Thomson walipofika mwaka 1879 walikuta Lukuga inakimbia kwa nguvu. Ziwa likashuka mwaka kwa mwaka, na kufika 1894 lilikuwa limeteremka kama mita 10.

Mita 10! Tufikiri juu ya ufukwe wetu. Pale ambapo nchi inateremka polepole, kama kwenye tambarare za midomo ya mito, mita 10 za kushuka zinasogeza ukingo mbali kabisa. Kwa hiyo mialo ya miaka ya 1860 na 1870, ile ya madau ya Ujiji, haiko pale tunapoegesha boti leo. Iko juu, ndani ya mashamba ya mihogo na chini ya nyumba zetu. Mkulima anayegonga jembe juu ya kigae cha chungu au ushanga wa kioo mbali na maji asishangae: huenda amesimama juu ya bandari.

Na mialo ya zamani zaidi, ya nyakati ambapo ziwa lilikuwa chini kuliko leo? Hiyo iko ndani ya maji. Wavuvi ndio wanaolijua sakafu la ghuba kuliko mtu yeyote. Nyavu zinaponasa kitu kisicho mwamba wala mti wa kawaida, ni vema wakumbuke pahali hapo.

Tusifikiri kupanda kwa maji ni hadithi ya zamani tu. Mwaka 1964, nyuma ya mvua nyingi, ziwa lilipanda sana. Kuanzia 2020 lilipanda tena, na mwaka 2024 maji yaliingia bandari ya Bujumbura, Kalundu ya Uvira, na vijiji vya ufukwe wa Fizi. Watu walipoteza nyumba. Katika msiba huo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama vigae, na hatumlaumu mtu. Lakini kila wimbi lililobomoa ukingo lilikula pia kurasa za historia yetu.

Tope linalotunza

Mtu anaweza kuuliza: mbao za mtumbwi si zinaoza? Zinaoza juu ya nchi. Ndani ya tope lisilo na hewa ni habari nyingine. Mwaka 1987 huko Dufuna, kaskazini mwa Nigeria, mchungaji aliyekuwa anachimba kisima aligonga mtumbwi. Wataalamu walipoupima walikuta una miaka karibu 8.000. Tope ndilo lililouhifadhi.

Ziwa letu lina faida mbili zaidi. Ya kwanza, maji yake ni matamu, kwa hiyo hayana wale wadudu wa baharini wanaotoboa na kula mbao za meli. Ya pili, chini ya mita 100 hadi 200 hivi, maji ya Tanganyika hayana hewa ya oksijeni kabisa. Samaki hawaishi humo, na kuoza kunakwenda polepole sana. Yaani lile lile shimo tunaloliogopa ni ghala. Mitumbwi iliyozama na mizigo yake katika miaka mia na mia inaweza kuwa humo imelala. Vyombo vya chuma tunavijua kwa majina: Good News ya wamisioni Waingereza iliyoshushwa majini mwaka 1885; Hedwig von Wissmann ya Wajerumani, iliyozamishwa vitani tarehe 9 Februari 1916; Graf von Götzen, iliyozamishwa na wenyewe mwaka huo huo, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Vitabu vizima vimeandikwa juu ya hizo. Mtumbwi wa mvule uliobeba chumvi hauna kitabu.

Wanaovuka leo

Njia za zamani hazijafa. Vita vya 1996 na 1998 vilipofika Fizi, watu wetu kwa maelfu walivuka usiku mpaka Kigoma, wakaishi kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia Oktoba 2005 meli ziliwarudisha, zikawashusha Baraka. Nani tena atasema Baraka si bandari? Na Desemba 2014, MV Mutambala, chombo chenye jina la mto wetu, ilizama kaskazini ya Kalemie, zaidi ya watu 120 wakafa. Siku hiyo tulikumbuka kwamba elimu ya mababu juu ya upepo, uzito na kungoja utulivu si mambo ya makumbusho.

Lakini kambini tulizika wazee wengi. Kila mmoja alikuwa na majina ya mialo kichwani: hapa palishukwa chumvi, pale palikuwa na mvule wa mtumbwi wa fulani, kule hapapitwi bila kunyamaza. Maji yanakula ukingo upande mmoja, na kaburi linakula maneno upande mwingine. Ndiyo maana tulisema kazi haingoji.

Kazi yetu

Hatuhitaji kungoja mradi kutoka nje ili tuanze. Kwanza, katika kila kijiji cha ufukwe, kutoka Makobola, Swima, Mboko na Lweba mpaka Sebele na Kazimia, vijana waandike majina yote ya mialo, yanayotumika na yaliyoachwa, pamoja na maelezo ya wazee, hata yale machungu. Pili, mtumbwi mzee wa mvule usipasuliwe kuni mbele ya kupimwa na kupigwa picha, na mafundi wanaobaki waonyeshe kazi yao kwa watoto wa shule. Tatu, anayekuta vigae, ushanga, simbi au chuma cha zamani shambani asiuze wala asichimbe zaidi kwa tamaa. Aandike pahali na kina, awaite wengine waone. Kitu kikitolewa pahali pake bila maandishi kinabaki bubu, hata kikiwekwa nyuma ya kioo Ulaya.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kwa watu ambao mababu wao walifungwa kamba na kuvushwa ziwa hili hili, neno hilo si pambo la mdomo. Kilwa wana mawe yao. Sisi tuna udongo wa ufukwe, tope la ghuba na midomo ya wazee wachache waliobaki. Twende tukawaulize wakingali wanatujibu.